Mama hakupewa kemo baada ya upasuaji wa utumbo mpana, ripoti ya jeni inasemaje?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 52, kafanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana wiki sita zilizopita. Ripoti inasema T3, tezi za limfu 19 zimeangaliwa zote safi, MLH1 na PMS2 hazipo, MSI ya juu, BRAF V600E haijaonekana, KRAS imebadilika. Wamesema hapewi kemo, awe anarudi kliniki tu. Sisi watoto tunaulizana, ndo wamemkatia tamaa? Na hiyo KRAS si mbaya?

JIBU: Marahaba binti yangu, poleni sana na mama mfikishie pole zangu. Nianze na hilo la kukata tamaa maana najua ndo linawanyima usingizi: hapana, kwa ripoti uliyoandika hapa kutompa kemo ni uamuzi sahihi kabisa na sababu yake iko humohumo kwenye ripoti.

Mimi kazi yangu ni kuangalia hizo nyama kwenye darubini, ngoja nikueleze tunachokiona. Slaidi tunaiwekea dawa inayoshika protini ya MLH1, protini ikiwepo kiini cha seli kinakuwa kahawia. Kwa uvimbe kama wa mama seli za saratani zinabaki bluu tupu, halafu seli za kinga zilizo pembeni yake zimekuwa kahawia vizuri, yaani dawa imefanya kazi ila uvimbe hauna cha kushikwa. MLH1 na PMS2 ni mafundi wa kusahihisha makosa seli inaponakili DNA, fundi asipokuwepo makosa yanarundikana, ndo hiyo MSI ya juu, na yakizidi uvimbe unatoa protini za ajabuajabu ambazo kinga ya mwili inazishtukia na kuushambulia. Ndo maana kwenye saratani zote za utumbo mpana MSI ya juu ni kama 15%, lakini ukienda kwa walioko steji 4 unawakuta kama 4 au 5% tu, aina hii haisambai kirahisi.

Mama yuko steji 2, yaani uvimbe umepita misuli ya ukuta wa utumbo (ndo T3) ila tezi ziko safi. Wa steji hiyo wenye MSI ya juu ugonjwa huwarudia mara chache kuliko wenzao, na tangu 2003 tafiti zimekuwa zikionyesha fluorouracil, dawa ya kemo, ikitumika peke yake haiwaongezei kitu, angeishia kuharisha na vidonda vya mdomo bure. Ingekuwa tezi zina saratani, au uvimbe ni T4, yaani umetokeza nje ya utumbo au umeshika kiungo cha jirani, mazungumzo yangekuwa mengine, maana steji bado ndo inaongoza na jeni zinafuata. Na hizo tezi 19 zinanipa moyo, angalau 12 ndo zinatakiwa, mtu akiniletea ripoti ya tezi 5 safi siwezi kumwambia atulie.

KRAS, jeni inayoiamrisha seli kukua, kwa sasa iacheni. Mabadiliko yake yako kwa kama 40% ya wagonjwa na kazi yake kubwa ni kuchagua dawa ugonjwa ukisambaa, dawa za cetuximab na panitumumab kwa kawaida hazimsaidii mwenye KRAS iliyobadilika.

Sasa mstari ambao hamjauliza ndo unanihangaisha mimi, huo wa BRAF. MLH1 ikizimwa ndani ya uvimbe tu, bila kurithi, mara nyingi BRAF V600E, badiliko la jeni nyingine ya ukuaji, huwa ipo. Kwa mama haipo na umri wake ni 52, kwahiyo lazima iulizwe kama ni Lynch, tatizo la kurithi linaloongeza hatari ya saratani. Kinaanza kipimo cha methailesheni ya MLH1 kwenye uvimbe uleule, yaani kuona kama jeni imezimwa kwa alama za kemikali, wakikuta jeni imezimwa basi uwezekano wa kurithi unashuka sana, wakikuta haijazimwa mama apimwe damu. Ikithibitika, kila mtoto wake ana nafasi 50% ya kuwa nayo, na mwenye nayo anaanza kolonoskopi, kamera ya kuangalia utumbo mpana, akiwa na miaka 20 hadi 25, kila mwaka au miaka miwili, wanawake waangaliwe na mji wa mimba pia. Ndugu wa mama wa tumbo moja nao waambiwe, tafadhali msione aibu kuwaambia.

Kliniki yenyewe msiikose hata akijisikia mzima, CEA, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani, kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka miwili ya mwanzo, picha ya CT kwa ratiba ya daktari, kolonoskopi baada ya mwaka. Siku mkienda bebeni ripoti yenyewe, sio picha ya simu iliyokatwa pembeni, muulizeni daktari kama methailesheni ya MLH1 imepimwa, na kama bado, aiagize kwenye blok ya nyama iliyohifadhiwa maabara, mama hahitaji kukatwa tena.