Maswali ya wasomaji: Nimepata kazi Kwale, nikae wapi?

SWALI: Shikamoo Mama. Nimeajiriwa na serikali ya Kaunti ya Kwale upande wa uhasibu, naripoti mwezi ujao. Mimi ni wa Nakuru, Pwani nimefika mara moja tu, tulikuja na shule. Wenzangu wananiambia nipange nyumba Diani au Ukunda, eti Kwale mjini ni ofisi na msitu tu, ikifika jioni kimya. Nikae wapi? Na ni kweli ndovu huingia mjini?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi. Panga Kwale mjini.

Nitakueleza kwa nini. Kabla ya kaunti kuja mwaka 2013 nilikuwa karani wa masjala kwenye ofisi moja ya serikali, na mlangoni petu palikuwa na benchi. Wazee wa Kiduruma walikuwa wakitoka Kinango, kule bara ya kaunti, wengine ndani zaidi, wanaondoka kwao usiku ili wawahi foleni. Barabara ya Kinango enzi hizo ilikuwa ya vumbi, na masika tope tupu. Mzee anafika saa mbili asubuhi na karatasi zake za shamba kwenye mfuko wa nailoni, anakaa kwenye benchi. Afisa mwenye sahihi analala Mombasa, na saa hiyo yuko ng'ambo anasubiri feri ya Likoni. Ikigonga saa tano mzee bado amekaa. Saa nane anaambiwa arudi kesho. Nimewaambia wengi maneno hayo kwa kinywa changu, kwa sababu ndiyo niliyoagizwa kusema, na nilikuwa naona uso wa mtu unavyobadilika. Kurudi kesho kwa mtu wa Kinango ni nauli nyingine ya kwenda na kurudi, na mifugo nyumbani haijanyweshwa.

Ndiyo maana nataka ulale karibu na meza yako. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu inayotoka upande wa Miritini hadi Kibundani bila kugusa feri, na wanaoishi Mombasa wamepata nafuu. Hata hivyo mtu anayekaa mbali huondoka ofisini na jicho kwenye saa. Ukitoka Ukunda kila asubuhi utapanda matatu ya Likoni, ushuke Kombani, upande nyingine ya Kwale. Mvua ikinyesha, Kombani pale utasimama sana.

Sasa mji wenyewe. Ukiiacha barabara kuu ya Lungalunga pale Kombani unaanza kupanda. Minazi na miembe inakufuata, joto linabaki nyuma, na ukifika juu uko karibu mita 400 kutoka usawa wa bahari, kwenye vilima vya Shimba. Mombasa iko kilomita kama 30 tu, lakini hewa ni nyingine. Beba sweta. Mwezi wa Juni na Julai asubuhi kuna ukungu, na usiku utajifunika. Wewe wa Nakuru hutaona ajabu, ila watu wa ufukweni hupanda huku wakitetemeka.

Mji ni mdogo, unaumaliza kwa miguu. Ofisi, hospitali, soko, misikiti, makanisa, uwanja wa Baraza Park ambako sherehe na mikutano yote hufanyika. Asubuhi kuna mahamri na mbaazi za nazi, kuna viazi karai. Mchana tafuta mama anayepika sima na mtsunga. Mboga hiyo ni chungu, utaikataa siku ya kwanza, lakini usiiache, kwa sababu ukishaizoea utaitafuta. Samaki hupandishwa kutoka pwani, kwa hiyo muulize muuzaji wametoka wapi na lini, naye hatachukia.

Kabla ya kulipa kodi, uliza maji. Chemchemi za Marere ziko kwenye vilima hivi hivi, na tangu enzi za mkoloni maji yake yamepelekwa kwa bomba hadi Mombasa, lakini nyumba nyingi za hapa juu maji huja kwa siku zake. Nyumba isiyo na tangi usiichukue hata ikiwa ya bei nafuu. Linaniuma jambo hilo, nami naliandika kila ninapopata nafasi.

Wenyeji wengi ni Wadigo, na wengi wao ni Waislamu. Ijumaa adhuhuri usimpangie mtu mkutano. Mwezi wa Ramadhani usile barabarani, si kwa kuogopa bali kwa heshima. Mkubwa wako mwamkie kwanza, karatasi zifuate. Na jirani akikuita harusini nenda, kaa mpaka ngoma ya sengenya ianze, wakuone. Kimya cha jioni wanachokuambia wenzako ni cha mtu asiyejulikana na mtu.

Ndovu wapo, na si wachache. Mwaka 2005 Shirika la Wanyamapori liliwahamisha 150 kutoka hifadhi ya Shimba hadi Tsavo Mashariki kwa sababu walizidi nafasi. Kuna uzio wa umeme, lakini ndovu si mnyama wa kukatazwa mara moja, na mashamba ya kandokando ya msitu bado huvamiwa. Mahindi ya msimu mzima huisha usiku mmoja. Ukiwa mhasibu wa kaunti na mkulima wa namna hiyo akaja mbele yako akizungushwa, nyanyuka umpeleke mwenyewe kwenye ofisi anayoitafuta. Usiku usitembee barabara ya msituni, basi.

SWALI: Mama, kwa nini makao makuu ya kaunti yasihamishiwe Ukunda? Benki ziko huko, uwanja wa ndege uko huko, na watu ni wengi zaidi.
Msomaji, Msambweni

JIBU: Ukunda ni mji mkubwa kuliko Kwale, hilo halina ubishi. Tazama ramani lakini. Kaunti ina maeneo bunge manne: Matuga, Msambweni, Lungalunga na Kinango. Kinango peke yake ni karibu nusu ya ardhi yote, na ndiyo yenye ukame na safari ndefu. Ukihamisha ofisi hadi Ukunda, mtu wa Kinango atapita Kwale, ateremke Kombani, ndipo aanze tena safari ya kusini. Mkoloni aliweka makao ya wilaya mlimani, na sidhani alimfikiria Mduruma, ila mahali penyewe pamekaa kati ya bara na pwani. Mtu wa Vanga ana haki ya kulalamika, ni mbali kwake kweli. Dawa yake ni kumpelekea huduma Lungalunga. Tusimwongezee Mduruma mzigo.

SWALI: Nataka kuwaleta wanangu wawili, miaka tisa na kumi na miwili, siku moja ya likizo. Kuna nini cha kuona?
Mama wa watoto, Changamwe

JIBU: Walete waone palahala. Ni swala mkubwa, dume lake jeusi tumbo jeupe, pembe zimepinda nyuma, na Kenya nzima yuko Shimba Hills pekee. Lango la hifadhi liko karibu na mji. Malipo ni kwa mtandao wa eCitizen, lipa nyumbani kabisa kabla ya kuondoka. Njooni mapema, palahala hupenda nyasi wazi asubuhi.

Kisha kuna maporomoko ya Sheldrick, maji yanaanguka mita 21. Mnateremka kwa miguu mkiongozwa na askari wa wanyamapori. Wa miaka tisa ataweza, ila kurudi ni mlima, kwa hiyo maji ya kunywa, viatu vya kufunga, na nguo ya kubadilisha kwa sababu watataka kuoga. Mkiwa na gari na muda umebaki, ulizeni njia ya Mwaluganje, ambako wakulima walitoa mashamba yao yawe mapito ya ndovu, wakaanza hata kutengeneza karatasi kwa kinyesi chake. Kama hamna gari, ishieni Sheldrick, kuleni mjini, na mpande matatu ya Likoni kabla ya saa kumi na moja, foleni ya feri haijawa ndefu.