Maswali ya Wasomaji: Kujitengenezea Spika za Honi

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni seremala na mpenzi wa muziki. Ninatamani kujitengenezea spika ya honi inayoshuka hadi besi ya hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), lakini chumba changu ni kidogo. Je, ninaweza kuifupisha honi ili iingie kwenye kasha la kawaida bila kuharibu sauti? (Seremala)

JIBU: Ndugu Seremala, honi hukunjika lakini haifupishiki, kwa sababu vipimo vyake huamuliwa na urefu wa mawimbi ya sauti na si nafasi tuliyo nayo. Koni ya spika ya kawaida, yaani sehemu inayotikisika kutoa sauti, ni nzito mno ikilinganishwa na hewa inayoisukuma. Kwa hiyo takriban asilimia 1 tu ya umeme unaoingia hugeuka kuwa sauti, na sehemu iliyobaki huishia kuwa joto ndani ya koili, yaani waya uliozungushwa unaoitikisa koni. Honi huibana hewa mbele ya koni, mahali tunapopaita koo, ikaipa koni mzigo wa kusukuma, kisha huuacha msukumo huo upanuke hatua kwa hatua hadi mdomoni, kama afanyavyo mtu anayemwita mwenzake kwa mbali huku amezungushia viganja kinywani. Ufanisi unaweza kufika asilimia 20 na zaidi, na ndiyo maana wati chache hutosha kuijaza nyumba nzima.

Sasa tupige hesabu ya honi unayoitaka. Katika nyuzijoto 20 za Selsiasi sauti husafiri takriban mita 344 kwa sekunde, hivyo wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 6.9. Katika honi inayopanuka kwa kanuni ya kipeo, eneo la njia ya hewa huongezeka maradufu kila baada ya umbali ule ule. Kwa hezi 50 umbali huo ni sentimita 38, na ukiupunguza, kikomo cha chini cha honi, yaani sauti nene kuliko zote inayoweza kuitoa vyema, hupanda. Mdomo nao unatakiwa uwe na mzingo unaolingana na wimbi zima, yaani kipenyo cha mita 2.2 na eneo la mita za mraba 3.8 hivi. Ukianza na koo la sentimita za mraba 400, njia hiyo itakuwa na urefu wa mita 2.5.

Nafuu ipo kwenye kona. Honi ikikaa sakafuni katika kona ya chumba, sakafu na kuta mbili huendeleza kazi ya mdomo, na eneo linalohitajika hupungua hadi sehemu moja ya nane, yaani mita za mraba 0.47, na urefu ukashuka hadi mita 1.35. Hiyo ndiyo njia aliyoitumia Mmarekani Paul Klipsch, ambaye honi yake ya kona iliyokunjwa, Klipschorn, ilianza kutengenezwa kibiashara katika miaka ya 1940. Ukiipuuza hesabu na kukata mdomo mdogo kuliko inavyotakiwa, mawimbi ya besi yatafika ukingoni na kurudi ndani, na baadhi ya noti zitavuma kupita kiasi huku za jirani zikififia.

Ningependa uanze na honi ya sauti za kati. Kwa kikomo cha hezi 300 na koo la kipenyo cha inchi 1, mdomo unahitaji kipenyo cha sentimita 37 tu, na urefu haufiki nusu mita. Besi iachie wufa, yaani spika ya besi, ndani ya kasha lililofungwa. Sauti ya mwimbaji na ala nyingi huishi katika masafa ya kati (masafa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), na hapo ndipo honi hudhihirisha uhai ambao spika ya kawaida huupata kwa shida.

SWALI: Nina spika mbili za gari za inchi 8 zilizobaki. Je, zinafaa kufungwa kwenye honi? (Msomaji mwanafunzi)

JIBU: Kwa kawaida hazifai, na sababu yake inaeleweka kwa urahisi ukisoma karatasi ya vipimo vya spika. Honi inahitaji spika yenye sumaku kubwa na koni nyepesi, na hali hiyo huonekana katika kipimo kiitwacho Qes: kadiri kilivyo kidogo, ndivyo sumaku ilivyo na nguvu ya kuitawala koni. Zidisha masafa asilia ya spika, yaani yale ambayo koni hutikisika kwayo kwa wepesi zaidi, kwa mbili, kisha ugawanye kwa Qes. Jibu ni masafa ambayo kuanzia hapo uzito wa koni huanza kuishinda honi. Spika yenye masafa asilia ya hezi 40 na Qes ya 0.3 itakupa karibu hezi 270. Spika ya gari yenye hezi 60 na Qes ya 0.8 itaishia hezi 150, yaani honi yako itakuwa inadhoofika kabla haijafika kwenye sauti za kati.

Kabla ya kununua spika nyingine, pakua Hornresp, programu ya bure iliyoandikwa na David McBean wa Australia. Ingiza vipimo vya spika, koo, mdomo, urefu na chumba kilichofungwa nyuma ya koni, nayo itakuchorea matokeo. Chumba hicho cha nyuma usikidharau: hewa iliyomo hufanya kazi kama springi, na ujazo wake ukichaguliwa vyema husawazisha mzigo wa honi karibu na kikomo chake cha chini.

SWALI: Je, ni lazima honi iwe ya duara, na mbao gani inafaa? (Msomaji)

JIBU: Si lazima. Kwa besi kinachohesabika ni eneo la njia, kwa hiyo mraba au mstatili wa plaiwudi unatosha, na njia inaweza kukunjwa mradi mikunjo iwe midogo ikilinganishwa na wimbi. Kwa sauti nyembamba usikunje kabisa. Umbo la traktriksi, lililotumiwa na Mwingereza Paul Voigt katika miaka ya 1920, lina mdomo unaojikunjua zaidi na ni zuri kwa sauti za kati. Tumia plaiwudi ya milimita 18, ikaze kwa mbao za kati kwa kuwa msukumo wa hewa karibu na koo ni mkubwa, na uzibe kila mwanya kwa gundi au silikoni. Ukikata mbao za MDF (zilizotengenezwa kwa nyuzi za mbao na gundi), vaa barakoa; vumbi lake ni jembamba na linadhuru mapafu.

SWALI: Draiva yangu ya honi iliungua ingawa amplifaya ni ndogo, na kabla ya hapo ilikuwa ikisikika kwa ukali kuliko wufa. Nifanyeje? (Msomaji wa muda mrefu)

JIBU: Yaelekea draiva, yaani spika ndogo inayofungwa kwenye koo la honi, ilipokea masafa yaliyo chini ya kikomo cha honi. Huko honi haiipi mzigo wowote, utando wake huyumba bila kizuizi na koili huumia. Weka krosova, yaani kifaa kinachogawa masafa kati ya wufa na draiva, kwenye masafa yaliyo angalau mara moja na nusu ya kikomo. Kwa honi ya hezi 300, usishuke chini ya 450. Kapasita moja hukata taratibu mno kwa kazi hii, kwa hiyo tumia krosova inayokata kwa desibeli 24 (kipimo cha nguvu ya sauti) kwa kila oktava, yaani kila masafa yanapopungua kwa nusu.

Ukali unatokana na tofauti ya unyeti, yaani kiasi cha sauti kinachotoka kwa umeme ule ule. Draiva ya desibeli 105 ikifungwa pamoja na wufa ya desibeli 90, tofauti ya 15 ni sawa na kuzidiana nguvu zaidi ya mara 30. Ipunguze kwa rizista au kwenye krosova ya kidijiti. Kisha angalia muda: draiva iliyo nusu mita nyuma ya wufa huchelewa karibu milisekunde 1.5. Geuza nyaya za draiva, chanya iwe mahali pa hasi, piga toni ya masafa ya krosova, na uirudishe wufa nyuma kidogo kidogo, au uicheleweshe kwa kichakataji, hadi toni ififie kabisa mahali unapokaa kusikiliza. Hapo rudisha nyaya kama zilivyokuwa.