Kibarua, andika siku zako

Babu alikuja Jinja, Uganda, kumwaga zege kwenye bwawa la Owen Falls, lile lililofunguliwa mwaka 1954. Umeme ukavuta viwanda, cha nguo na cha kuyeyushia shaba, viwanda vikavuta watu, na wafanyakazi wakajengewa nyumba Walukuba. Kwetu mtaani Mluo, Msoga na Mteso walielewana kwa Kiswahili, lugha waliyotoka nayo kazini. Mimi nimekulia humo, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa wa uashi.

Tangu Jinja iwe jiji, Julai 2020, vijana wananifuata saiti wakitafuta kibarua. Kabla sijampa mtu karai, namwambia: mdogo wangu, nunua daftari.

Mwaka wangu wa pili tulijenga ukuta wa bohari kwa wiki tano. Msimamizi alitulipa wiki mbili, zilizobaki zikawa ni kesho, kesho. Asubuhi moja tukakuta geti limefungwa na simu yake haipatikani. Afisa kazi wa wilaya alitupokea vizuri, akauliza: kila mmoja alifanya siku ngapi? Tulikuwa kumi na mmoja, tukaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe mbele yake. Mchanganya zege wetu, kijana mkimya, akatoa kidaftari cha shule chenye saruji iliyogandia pembeni. Tarehe, kazi, jina la aliyemtuma. Yeye alilipwa. Sisi wengine mpaka leo hatujaona shilingi, na bado inaniuma.

Basi andika kila jioni, kabla hujanawa: tarehe, kazi uliyofanya, saa ya kuanza na kumaliza, pesa uliyopokea. Kama ni kazi ya kipande, andika bei mliyopatana kabla hujagusa tofali la kwanza. Jumamosi mwombe msimamizi atie sahihi. Akikataa, mwenzako akutilie, nawe umtilie.

Ukiumia, andika siku hiyohiyo na utaje walioona. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2000 inambana tajiri hata kama ulizembea wewe, lakini lazima ijulikane uliumia kazini kwake.

Tumia penseli, wino huchuruzika ukilowa. Na daftari lifunge kwenye kavera, mfuko wa plastiki, ulitie mfuko wa shati; wa suruali hujaa mchanga.