Kovu la nyusi si nishani: darubini kwenye bunduki kuukuu

Barua za safari hii zinatoka kwa wenye bunduki za zamani zilizofanyiwa kazi na mafundi: mtutu mpya, kitako kipya, na sasa darubini. Kabla ya lolote kati ya haya, toa risasi zote na uchungulie chemba kwa macho yako.

Shikamoo fundi. Nina Mauser 98 iliyobadilishwa mtutu ipige risasi za 9.3x62, na kitako kipya cha mninga. Nimefunga darubini ya 3-9x40. Nikilenga naona duara jeusi pembeni, nikifyatua inanigonga juu ya jicho. Mbovu ni darubini au ni mimi? – Iringa

Marahaba. Darubini ni nzima na wewe ni mzima. Kinachokusumbua ni umbali wa jicho, yaani nafasi kati ya kioo cha nyuma na jicho lako ambamo picha nzima inaonekana bila giza pembezoni. Darubini nyingi za kuwindia zinataka milimita 75 hadi 100.

Wengi wanaogongwa hudhani darubini imekaa karibu mno. Kwenye Mauser mara nyingi ni kinyume chake. Mwili wa bunduki hii ni mrefu, pete zinazoshika darubini zinakaa mbali moja na nyingine, na darubini fupi haiwezi kurudi nyuma ya kutosha. Picha isipokamilika, mlengaji ananyoosha shingo kuifuata. Teke linamkuta bega limelegea na uso uko mbele. Na 9.3x62 haina utani: Otto Bock wa Berlin aliibuni mwaka 1905 itoshee kwenye Mauser ya kawaida, na walowezi wa Kijerumani wakaileta huku kwa ajili ya wanyama wakubwa. Risasi yake ya kawaida ina uzito wa gramu 18.5.

Legeza pete kiasi darubini iteleze. Weka ukuzaji kwenye 9, si 3. Ukigawa 40, yaani upana wa kioo cha mbele kwa milimita, kwa 3 unapata mwanga wa upana wa milimita 13 unaofika jichoni. Kwa 9 unabaki na milimita 4 na kitu, na hapo jicho halina pa kuzurura. Sasa fumba macho, pandisha bunduki begani kama unavyofanya porini, laza shavu, kisha fumbua. Usisogeze kichwa hata kidogo. Darubini ndiyo isogezwe. Tafuta mahali pa mbele kabisa ambapo picha bado imejaa, weka alama kwa utepe. Rudia ukiwa umelala kifudifudi, kwa sababu hapo kichwa husogea mbele chenyewe, na ukiwa umelenga mlimani pia. Kama ukilala kifudifudi kioo kinakaribia nyusi chini ya sentimita 7, sogeza darubini mbele kidogo na ukubali kupoteza ukingo mwembamba wa picha ukiwa umesimama.

Pete zikikuzuia kurudisha nyuma, nunua reli moja ndefu au pete zenye kupinda. Usikate kitako cha mninga kwa sababu ya pete.

Natumia Lee-Enfield No. 4 niliyoitia darubini, huku Minnesota, kwa kulungu wa Novemba. Kidevu ndicho kinachogusa kitako, shavu linaelea. Kiangazi nilipima vizuri, baridi ilipoingia picha ikawa nyeusi. – Minnesota

Una mambo mawili. Kitako hicho kilichongwa kwa shabaha za chuma, yaani vilengeo vya juu ya mtutu, zilizo chini. Darubini imepandisha jicho, shavu limekosa pa kuegemea. Waingereza walilijua hili: No. 4(T), ile ya walenga shabaha wa Vita vya Pili, ilifungiwa kipande cha mbao juu ya kitako kwa ajili ya shavu. Wewe tafuta mto wa ngozi wa kufunga kwa kamba, uongeze unene mpaka jicho litue katikati ya kioo lenyewe. Shavu likielea, umbali wa jicho hautabaki vilevile risasi mbili mfululizo.

Jambo la pili ni koti. Unene wake umeisukuma bunduki mbele, na kioo kimeondoka pamoja nayo. Pima ukiwa umevaa koti unalowindia. Bahati yako ni kwamba kitako cha Lee-Enfield ni kipande cha peke yake kinachoshikwa na skrubu ndefu, na vilitengenezwa kwa urefu tofauti. Kifupi kinapungua takriban sentimita 1.3 kuliko cha kawaida, na huenda hiyo ikatosha.

Mkono wa bolti unagonga darubini ninapokoki. Ninunue pete za kuinua darubini juu zaidi? – Morogoro

Hapana. Utaishia na tatizo la shavu la msomaji wa Minnesota. Mpe fundi mwenye leseni aukate na kuuchomea chini zaidi, na alinde dhidi ya moto ncha za kufungia, zile zinazoizuia bolti isirudi nyuma risasi inapolipuka. Chuma cha ncha hizo kikilainika, hiyo bolti si ya kuaminiwa tena. Wakati uko hapo, kile kizuizi cha usalama kinachopinduka juu nacho kitagonga. Badilisha uweke cha pembeni.

Yangu ni ya asili, namba zote zinalingana. Lazima nitoboe ili nifunge darubini? – Nairobi

Usitoboe! Tundu likishaingia, thamani yake kwa wakusanyaji imeondoka na hairudi. Kuna vishikio vinavyokaa mahali pa shabaha ya nyuma, darubini ikawa mbele juu ya mtutu. Hiyo inahitaji darubini maalumu yenye umbali wa jicho wa sentimita 23 hadi 28. Ya kawaida hapo haitakuonyesha kitu. Wajerumani waliifanya kwenye Kar98k, bunduki yao ya Vita vya Pili, kwa darubini ya ZF41 yenye ukuzaji wa 1.5, na Jeff Cooper, mwandishi wa Marekani wa mambo ya bunduki, akaifufua fikra hiyo miaka ya 1980. Haitakugonga kamwe. Ila picha ni nyembamba, na jua la jioni likiwa mgongoni kwako, kioo kinang'aa usione mnyama. Kwa kufukuzia vichakani naipenda, kwa kuvizia wakati wa magharibi siipendi.

Baada ya kufunga, bolti imekuwa nzito. – Songea

Skrubu ya kishikio cha mbele cha darubini ni ndefu, inasugua bolti. Itoe, ujaribu tena. Ikiwa nyepesi, punguza skrubu kwa tupa, usiipunguze bolti.