Ushuhuda Nilioutoa Nusu

Jumanne iliyopita nilikuwa nimekaa gereji nikisubiri gari libadilishwe oili, simu ikaingiza ujumbe wa sauti wa dakika nne. "Bwana asifiwe, kaka. Ni mimi, yule wa Nyarugusu, tulikutana makambi." Nikamkumbuka: dada Msabato mwenzangu, aliyeishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, tulikutana kwenye makambi, ile mikutano ya kanisa letu. Sasa yuko Ohio, anabeba boksi kwenye ghala, na ratiba mpya inamtaka kazini Jumamosi mbili kila mwezi. Dakika tatu na nusu alieleza, nusu dakika ya mwisho akauliza: "Sasa kaka, niseme naumwa, au nifunge tu na kuomba?"

Jibu la swali hilo ninalo tangu 2019. Sijawahi kulitoa hadharani kwa sababu kulitoa ni kujiumbua.

Kanisani kwetu hapa Minnesota mimi ni "yule kaka aliyefukuzwa kazi kwa ajili ya Sabato". Nimesimama mbele na ushuhuda huo mara tano, labda sita. Amina zilikuwa nyingi. Mama mmoja wa kwetu alinipikia sufuria nzima ya makande, akanifuata nayo mpaka kwenye gari, akaniita Danieli. Nikayapokea makande na jina nikalipokea. Ushuhuda wenyewe ulikuwa nusu.

Mimi ni Mpare wa Same, Tanzania. Milimani kwetu Sabato ilifika na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1903, na kijijini nilikokulia Jumamosi haiombewi ruhusa. Jembe lenyewe linalala. Nimekua mpaka nikawa mtu mzima bila kumwambia binadamu yeyote kwamba siku fulani sifanyi kazi. Nani angeuliza? Ndiyo maana nilipofika huku, kinywa hakikuwa na mazoezi.

Ghala nililoanzia lilikuwa la vifurushi. Mwanzoni nilipangwa Jumapili hadi Alhamisi, nikaona Mungu amenitangulia. Agosti 2019 ratiba ikabadilishwa na Jumamosi ikaingia. Siku ya kutangaza supavaiza aliuliza kama kuna mwenye tatizo. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nikatazama viatu vyangu.

Jumamosi ya kwanza nikapiga simu: tumbo. Ya pili: mgongo. Ya tatu gari liligoma kuwaka, na wakati nasema hivyo lilikuwa nje linaunguruma, nakwenda nalo kanisani kufundisha lesoni ya Shule ya Sabato. Pale kazini kila kutokuja kulikuwa na pointi moja, na zikifika nane unakabidhi kitambulisho. Nilizihesabu kama mtu anayehesabu siku za mfungo.

Na hapa ndipo penye kipande ambacho hakijawahi kufika mbele ya kanisa. Novemba mizigo ilijaa, Jumamosi wakalipa mara moja na nusu, na ada ya mdogo wangu aliyeko chuo Dodoma ilikuwa haijatimia. Nilikwenda. Jumamosi nzima, masaa kumi mfululizo, nikipanga maboksi ya watu wanaojinunulia zawadi za Krismasi. Jioni sikula.

Wiki ya kwanza ya Desemba supavaiza aliniita kwenye kile kichumba chenye dirisha la kioo. Aliweka mezani karatasi ya mahudhurio yangu. Alikuwa ameweka alama nyekundu kila siku niliyokosa, na alama zote zilisimama kwenye safu moja, zimepangana kama shanga. Akapitisha kalamu juu yake, polepole, kutoka juu hadi chini. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kusaidia: "Ijumaa usiku unakunywa?"

Mimi! Mtoto wa mzee wa kanisa, ambaye hata soda nyeusi nilianza kuinywa ukubwani na kwa kujificha.

Ndipo nikasema Sabato. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akageuza karatasi, akaweka kidole kwenye ile Jumamosi moja ya Novemba. "Mbona hii ulikuja?"

Baada ya siku sita nilifukuzwa. Barua haikutaja dini popote, ilitaja mahudhurio. Kwa miaka mingi nimeisoma barua ile kwa hasira, nikisema wanafiki wakubwa hawa, wamejificha nyuma ya pointi. Inaniuma mpaka leo, sitadanganya. Lakini ukiniweka kwenye kiapo nitakwambia ukweli: yule bwana hakuwahi kupewa nafasi ya kunikatalia, kwa sababu sikuwahi kumwomba. Nilimpa tumbo, mgongo na betri ya gari.

Miaka iliyofuata nairuka. Ilikuwa ya korona, ya kuendesha Uber na ya kulala sebuleni kwa binamu.

Katika kipindi hicho ndipo nilipoanza kuisoma sheria, nikiwa nimechelewa. Nchi hii ina Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na Sehemu yake ya VII inakataza mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi kumbagua mtu kwa dini yake. Mwaka 1972 Bunge la hapa likaongeza kwamba dini ni pamoja na matendo yake, si imani ya moyoni tu, na kwamba mwajiri anapaswa kumsogezea mfanyakazi mambo ili kazi na ibada visigongane, isipokuwa kama kufanya hivyo kunamletea biashara yake ugumu usiostahili. Huku wanaita akomodesheni. Ukinyimwa, unapeleka malalamiko kwenye tume ya serikali kuu inayoitwa EEOC. Muda ni siku 180, au 300 katika majimbo yenye chombo chake cha kusikiliza mambo hayo. Minnesota ni 300. Nilipolijua hilo nilichukua kalenda nikahesabu tangu siku ile ya barua. Zilikuwa zimepita mia nne na ushee.

Sasa hilo neno "ugumu usiostahili" ndilo lililotutesa. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Larry Hardison, mfanyakazi wa shirika la ndege la TWA kule Kansas City, ambaye naye alishika Jumamosi ingawa si wa kanisa letu. Alishindwa. Na maneno yaliyobaki kwenye hukumu yake yakatumika miaka 46 kusema kwamba gharama yoyote iliyozidi kidogo tu inamtosha mwajiri kukataa.

Aliyekuja kutukomboa ni mtu wa Jumapili, na hapo mimi huwa nacheka. Gerald Groff, mbeba barua wa Pennsylvania, Mkristo aliyekataa kusambaza vifurushi vya Amazon siku ya Jumapili. Posta walimwadhibu mara kwa mara, akaacha kazi 2019, mwaka uleule wangu. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa amesema. Tarehe 29 Juni 2023 majaji wote tisa walikubaliana: mwajiri hawezi kukataa kwa gharama ya chembechembe, lazima aonyeshe kwamba mzigo ni mkubwa ukiulinganisha na biashara yake. Na wenzako kuinung'unikia dini yako si mzigo wa kibiashara.

Sheria hii si ya Wasabato peke yetu, dada zangu wa Unguja na Mombasa mnaonisoma mnalijua hilo. Samantha Elauf alikuwa na miaka 17 alipofanya usaili kwenye duka la nguo huko Tulsa mwaka 2008, akanyimwa kazi kwa ajili ya hijabu. 2015 Mahakama ya Juu ilimpa haki kwa majaji wanane dhidi ya mmoja. Mwaka huohuo, kule Illinois, juri liliamuru madereva wawili Waislamu wenye asili ya Somalia walipwe jumla ya dola 240,000, kwa kuwa walifukuzwa kazi baada ya kukataa kusafirisha pombe. Nanyi mlioko nyumbani msikae mkidhani ni mambo ya Wazungu: Tanzania ubaguzi wa kidini kazini unakatazwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na Katiba ya Kenya, Ibara ya 32, inasema mtu asinyimwe ajira kwa sababu ya imani yake.

Basi ushauri wangu. Andika.

Andika kabla ratiba haijakugusa, au siku ileile inapobadilishwa. Sheria haidai maandishi, hata mdomo unatosha, lakini mdomo hauna tarehe na supavaiza akihama anahama na kumbukumbu yake. Tuma kwa barua pepe, kwa meneja na kwa watu wa HR, yaani ofisi ya rasilimali watu, na ubaki na nakala kwenye anwani yako mwenyewe, siyo ya kazini. Kwenye usaili mimi sisemi. Nasema nikishapewa kazi, kabla ya kusaini. Na usidai upewe kilekile unachokitaka. Mwajiri akikuletea njia nyingine inayoondoa mgongano, ametimiza wajibu wake. Wala hatalazimishwa kuvunja mkataba wa chama cha wafanyakazi unaowapa wakongwe haki ya kuchagua zamu kwanza. Kwa hiyo nenda na kitu mkononi. Nenda na Jumapili yako.

Barua pepe yangu ya Desemba iliyopita ilikuwa mistari mitano. Nimepata kazi kiwanda kinachotengeneza vifaa vya hospitali, na kabla ya kusaini nikaandika: mimi ni Msabato, imani yangu hainiruhusu kufanya kazi ya ajira tangu jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi, naomba ratiba yangu irekebishwe kwa sababu ya dini, niko tayari kufanya Jumapili, Krismasi na usiku wowote mwingine. Kisha kwa ujuaji wangu nikaongeza: "yaani kuanzia saa 12 na nusu jioni". Hayo ni masaa ya Same, ambako jua linazama karibu wakati uleule mwaka mzima.

Meneja akajibu baada ya siku mbili. Aliandika kwamba yuko tayari, ila ametazama dirishani na jua limezama saa 10 na nusu, je, nina uhakika na dini yangu? Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamtafutia jedwali la machweo la mwaka mzima, Ijumaa zote 52. Akagundua mwenyewe kwamba mwezi Juni, jua linapozama saa 3 usiku, anapata shifti yangu nzima ya Ijumaa. Majira ya baridi natoka saa 9 alasiri, mwenzangu Mmeksiko ananimalizia saa mbili za mwisho, na mimi namfanyia Jumapili yake aende misa. Hakuna aliyegombana na mtu.

Ndugu zangu, naomba niseme na mnisamehe. Kwenye status zetu za WhatsApp kila Ijumaa tunaweka machweo na mistari ya Biblia mpaka simu za watu zinaganda. Meneja haoni status yako. Meneja anaona kwamba unaumwa kila Jumamosi. Tunamwona haya mtu mmoja aliyekaa kwenye kichumba cha kioo, halafu tunakuja kanisani kusimulia jinsi dunia inavyotuchukia. Hata Danieli niliyepewa jina lake, kabla ya kukataa chakula cha mfalme alimwendea msimamizi akaomba, akampa na mbadala wa mboga na maji kwa siku kumi. Yeye hakusema tumbo linamuuma. Na kama kuna mzee wa kanisa aliyekwambia funga na kuomba, funga, omba, halafu fungua barua pepe.

Yule mama wa makande nilimpigia simu juzi, nikamweleza habari ya ile Jumamosi ya Novemba. Alinyamaza kidogo. Akauliza, "Na ile ada, mtoto alimaliza?" Nikamwambia alimaliza.

Dada wa Ohio ameshatuma barua yake. Jana usiku kaniandikia kwamba meneja anataka kujua saa kamili za Ijumaa, akaniomba nimrushie jedwali langu. Nimemwambia la Minneapolis halimfai, jua la kwao lina saa zake. Atafute la mji wake, alichapishe, na aanzie wiki hii.