Waulize Wafugaji: Ua wa kuku usiopenyeka

Nina kuku 12 wa kienyeji hapa Gede, karibu na msitu. Nilizungushia waya wa kuku wenye mashimo ya inchi mbili, ukafika mpaka chini. Usiku kitu huchimba kikaingia, na asubuhi nakuta kuku wameuawa, wengine hawakuliwa kabisa. Nijenge ua wa namna gani, na waya niuzike futi ngapi?
*Mfugaji, Gede*

Kwa mauaji ya usiku ya namna hiyo, mshukiwa wa kwanza ni nyegere, mchimbaji hodari. Nguchiro wengi huwinda mchana, na kenge naye ni wa mchana. Mayai na vifaranga ndivyo kenge anavyovipenda. Ua ukimshinda nyegere, hao wengine pia utawashinda.

Waya ule wa pembe sita humzuia kuku asitoke. Kumzuia adui asiingie si kazi yake: mbwa huupasua, na mashimo ya inchi mbili nyoka na panya hupita bila shida. Fedha yako iweke kwenye mita ya chini, maana huko ndiko wanakoingilia wengi.

Kwa kuku 12 tengeneza ua wa mita 4 kwa 3, yaani mita moja ya mraba kwa kila kuku. Urefu wa ua uende mashariki hadi magharibi. Nguzo ni 8, pamoja na moja ya ziada ya mlango. Za mbele ziwe na kimo cha mita 2 juu ya ardhi, za nyuma mita 1.7, na zote zizame sentimita 60. Boriti za mikoko hazishambuliwi upesi na mchwa. Nunua kwa muuzaji mwenye kibali cha kuvuna. Mazio, yaani miti ya mikoko myembamba kidogo kuliko boriti, yatatosha kwa mihimili, pau zibebe mabati, na fito zibanie wavu.

Wavu wa chini uwe wa kuchomelewa, mashimo nusu inchi, upana sentimita 90. Upigilie upande wa nje wa nguzo, ili mnyama akisukuma aukandamize kwenye mti badala ya kuung'oa. Misumari ya U pekee hulegea. Weka fito juu ya ukingo wa wavu kisha uipigilie. Juu yake zungusha wavu wa inchi moja wenye upana wa mita 1.2, upandane na ule wa chini kwa sentimita 5, ushonwe kwa waya wa kufungia.

Sasa swali lako la kuzika: usizike. Gede mwamba wa matumbawe mara nyingi uko karibu, sululu itakuchosha bure. Ulaze wavu. Kata wavu ule wa nusu inchi vipande vya upana wa sentimita 45, uvitandaze chini kuzunguka ua kwa nje, uvishone na ukuta wa wavu kila baada ya sentimita 10, uvishikilie kwa vigingi vya waya kisha ufunike kwa udongo na mawe. Mnyama huanza kuchimba pale pale ukuta unapogusa ardhi. Akikuta waya huhamia pembeni, wala hafikirii kurudi nyuma nusu mita. Pembe nne nazo zifunikwe. Mafundi wengi huziacha wazi. Roli moja ya mita 30 inatosha: ukuta utachukua mita 14, wa kulaza kama mita 8, na kinachobaki ni cha madirisha ya banda la kulalia.

Paa liwe la mabati, kila bati kipande kimoja cha mita 3.6 kisicho na kiungo, kwa sababu mwinamo ni mdogo. Chagua geji 28 badala ya 30. Namba ndogo ndiyo bati nene. Makuti ni baridi, lakini yanataka mwinamo wa karibu nyuzi 45, na paa la upande mmoja lenye upana wa mita 3 lingepanda mita 3 nyingine. Isitoshe, panya na nyoka huyapenda kuliko kuku wanavyoyapenda. Paka mabati rangi nyeupe kupunguza joto. Upande wa nyuma uelekee kusi, mvua ya masika isiingie mbele. Mawimbi ya bati huacha matundu juu ya mhimili: yazibe kwa vipande vya wavu.

Mlango uwe na kizingiti cha sentimita 20 na makomeo mawili, juu na chini, kwa sababu mbao ikipinda kona ya chini hufunguka. Mbele yake weka mawe bapa juu ya wavu uliolazwa. Mwizi wa miguu miwili atahitaji kufuli.

Niko Mambrui, karibu na ufuo. Wavu wangu umeliwa na kutu ndani ya miaka miwili. Nifanyeje?
*Mfugaji, Mambrui*

Tazama viungo kabla ya kununua. Wavu uliochovywa zinki baada ya kuchomelewa una zinki iliyojaa kwenye kila kiungo. Uliochomelewa baada ya kuchovywa una alama za kuungua, na hapo ndipo kutu huanzia. Sehemu ya kulaza chini ipake lami pande zote mbili, na kila ncha uliyoikata pia. Mchanga wa ufuoni usiutandaze ndani: chumvi yake huvuta unyevu, na ukichanganyika na kinyesi wavu hauna maisha.

Langoni, Lamu, uwani kwetu kunguru huchukua vifaranga, usiku paka. Jirani ashauri sumu.
*Mfugaji, Lamu*

Sumu hapana: itawafikia paka wa mtaa mzima na kuku wako mwenyewe. Nyavu kuukuu za uvuvi zenye macho yasiyozidi sentimita 4 zitamzuia kunguru na mwewe, mradi zikazwe kabisa; zikilegea, ndege watanasa. Jua huzidhoofisha, kwa hiyo zivute kwa mkono kila baada ya miezi michache na ubadilishe palipokatika. Paka huzichana, basi usiku vifaranga walale ndani ya kizimba cha wavu wa nusu inchi, chenye sakafu ya wavu huo huo, mpaka watimize wiki nane.