Kaskazi, baibui na baiskeli ya kwendea chuo

Wadogo zangu wanaoanza chuo huniuliza kama kweli nilikuwa nikenda chuoni Beit el Ras, hapa Unguja, kwa baiskeli. Nilikwenda, miaka mitatu, kutoka Kikwajuni mjini, na mazoezi wala siyapendi. Gari ndizo zilizonichosha. Asubuhi zinapita zimejaa, ukibahatika kupanda unakaa upande mmoja, na kila kituo utingo anaita abiria. Siku moja niliingia kwenye mtihani wenzangu wako swali la tatu. Wiki ile ile nikanunua baiskeli ya mtumba.

Wengi tulianza kwa kukimbia nauli. Kilichotubakisha kwenye baiskeli ni kutoka nyumbani saa tunayotaka wenyewe.

Hakuna aliyeniambia habari ya upepo. Njia ile inapanda kaskazini, basi kuanzia Disemba kaskazi inakupiga uso kwa uso, na darasani unaingia umerowa. Toka robo saa mapema, weka nguo ya kubadilisha mkobani. Kusi, upepo wa kutoka kusini, likiingia unakwenda kama ngalawa iliyotweka tanga, ila jioni utalipa. Wa kampasi ya Tunguu, kutoka mjini sikushaurini. Labda uwe umepanga chumba upande wa Fuoni, njia ya kwendea huko.

Wasichana, baibui. Langu lilinaswa na mnyororo pale Maruhubi, nikasimama kama mbuzi aliyefungwa kigingini huku magari yakinipigia honi. Mzee mmoja alilinasua taratibu, akanambia, "Mwanangu, tafuta yenye kifuniko cha mnyororo." Nikatafuta: baiskeli ya kike, isiyo na bomba la juu. Ndani nikavaa suruali, pindo nikalibana kwa pini. Maneno ya barazani yalikuwepo mwezi wa kwanza, kisha wakazoea.

Ndani ya Mji Mkongwe piga kengele kabla ya kila kona. Kichochoro kikiwa na watoto, shuka ukokote.

Ukienda kununua, usidanganyike na rangi. Ipindue juu chini, tazama pale pedeli zinaposhikia fremu. Hapo ndipo hewa yetu ya chumvi inapoanzia kula, na wauzaji hupaka rangi juu ya kutu. Kama pesa haitoshi, acha kikapu, usiache breki. Ukishainunua ilaze ndani, hata kama mwenye nyumba atanuna, na kila Ijumaa tia mnyororo matone ya mafuta ya cherehani. Ya kwanza niliilaza uani masika moja tu, nikaja kuiuza chuma chakavu.